Mbatizaji wa Ng'ambo ya Korongo

Alikuwa na mikono mikubwa kuliko ya mumewe. Ndilo jambo la kwanza nililoliona nilipoletwa kuolewa upande wa Ushirombo, kwa sababu asubuhi ya pili alivuka korongo lililotenganisha kaya yetu na yao, akachukua jembe langu jipya bila kuniomba, akaupima mpini mkononi, akasema, "Huu umechongwa na mtu asiyelima." Kisha akaondoka nalo. Jioni alilirudisha likiwa na mpini mwingine, mfupi, mzito kidogo upande wa chini. Niliutumia miaka tisa.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Wakristo walimwita Mbatizaji. Wasio Wakristo nao walimwita hivyo hivyo, baadhi kwa heshima, baadhi wakitema mate.

Misioni ilikuwa mbali, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na watoto siku zile walikufa upesi. Homa ilimshika mtoto asubuhi, jua likizama ameshapoa. Kwa hiyo mapadri waliwafundisha watu wa vijijini namna ya kumbatiza aliye katika hatari ya kufa: maji ya kweli, yatiririke kichwani, na maneno yasipungue hata moja. Walifundishwa wengi. Aliyeitwa ni yeye, kwa kuwa hakuwaogopa wagonjwa, na kwa kuwa hakuwa na neno "ngoja nimalize." Nilimwona akiacha ugali motoni ukaungua, akatoka na kata ya maji mkononi, akitembea mwendo wa haraka lakini hakukimbia. Alisema anayekimbia humwaga maji njiani.

Yeye mwenyewe hakuwa amebatizwa.

Alikuwa mke wa pili wa mzee mmoja mrina asali, mtu mpole asiyesema sana, ambaye dini ya misioni haikumgusa wala kumuudhi. Alikuwa na mke mkubwa, na huyu mdogo. Mke mdogo alipoanza kwenda kwa mwalimu wa dini, akajifunza sala zote na katekisimu yote kwa moyo, alipewa medali ya kuvaa shingoni kama wengine wanaojifunza. Wenzake waliitwa misioni kwa mafundisho ya mwisho, wakabatizwa, wakapewa rozari na majina mapya. Yeye aliambiwa amwache mzee kwanza, kwa kuwa mke halali ni yule wa kwanza. Mzee alipopata habari alimwambia, "Nenda tu." Hakwenda. Kila mtu alimuuliza kwa nini, na kila mtu alipewa jibu lake. Mimi aliniambia, "Mungu aliniona siku nilipoolewa. Hakusema kitu." Mwalimu wa dini aliambiwa kwamba kisima kiko mbali na Bi Mkubwa anaumwa macho.

Akabaki na medali yake kwa miaka, akikaa nyuma kabisa kanisani, akitoka nje pamoja na wasiobatizwa wakati ulipofika wa kutoka. Baadhi ya vijana waliobaki ndani alikuwa amewabatiza yeye.

Kwa kuwa hakuwa na rozari, alisali kwa karanga. Alikaa kizingitini na ungo magotini, kila Salamu Maria punje moja upande wa kulia, kumi zikitimia anaweka punje ya mtama upande wa kushoto. Akimaliza, Bi Mkubwa alizila karanga. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu, lakini alijua sala zimekwisha kwa kusikia ungo umewekwa chini. Siku moja nilimuuliza Mbatizaji kama ni vizuri sala kuliwa. Akasema, "Ulitaka nizimwage?"

Hakuwa mtu wa kupendeza. Hilo niliseme. Ulimi wake ulikuwa mkali, na alipenda kukosoa kazi ya mtu mbele ya watu. Ukianika viazi vyako kwa ajili ya michembe, alipita akageuza kipande kimoja, akasema vitaoza, na vilioza. Alikuwa mchoyo wa chumvi. Lakini moto alimpa yeyote, na mara kadhaa wakati wa njaa nilikuta kikapu cha majani makavu ya kunde mlangoni kwangu. Nilipomshukuru alikana. Alisema labda ni panya wameleta.

Kiswahili chake chote kilitoka kwenye katekisimu. Sisi nyumbani tulisema lugha zetu, mimi Kisukuma changu cha Kishapu, wao Kisumbwa, na Kiswahili kilikuwa cha kanisa na cha wafanyabiashara. Mara moja alipita Mwislamu mmoja kutoka Kahama akiuza nguo na sindano. Aliwakuta wanawake wale wawili uani, akauliza kwa adabu, "Yuko wapi mwenye nyumba?"

Mbatizaji akanyoosha mgongo, akajibu kwa sauti ya darasani, "Yuko mbinguni, duniani, na mahali pote."

Yule mtu alicheka mpaka akakalia mzigo wake. Kisha akasema, "Basi nitamsubiri," akasubiri kweli, mzee akarudi kutoka porini, wakabadilishana kaniki kwa asali. Kila alipopita tena aliuliza swali lile lile, na yeye alijibu vile vile bila kucheka. Sikujua kamwe kama alikuwa ameelewa.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa wakati wa mvua nyingi. Siku ya nane alikataa ziwa, akakakamaa, macho yakageuka. Mume wangu alivuka korongo maji yakiwa kiunoni, akarudi na Mbatizaji, kata imefunikwa kwa jani. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kulia. Mbatizaji alimnyamazisha, akanigeukia mimi.

"Aitwe nani?"

Nilimsogeza mtoto kwake.

"Basi Monika," akasema, akamwagia maji, akatamka maneno polepole kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mwingine. Nililalamika kwamba mtoto atapata baridi. Alipomaliza hakuondoka. Alimvua mtoto, akamweka kifuani mwake ndani ya nguo, akaniagiza nikamue maziwa kwenye kijiko cha kibuyu, akawa anamdondoshea kwa kidole, tone moja, anangoja, tone jingine. Alikaa hivyo mpaka kesho yake mchana. Monika akanyonya.

Baada ya majuma kadhaa tulimpeleka misioni ili aandikwe na kukamilishiwa taratibu. Padri alifungua kitabu.

"Nani alimbatiza?"

"Jirani," nikasema.

"Jina lake la ubatizo?"

Mume wangu akatazama chini. "Hana, Baba. Yeye bado hajabatizwa."

Mwalimu wa dini, aliyesimama pembeni, alisema kwa hasira kwamba ubatizo huo si kitu, mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Nilihisi mtoto amekuwa mzito mikononi. Padri akaweka kalamu chini, akaagiza mwanamke huyo aitwe Jumapili.

Alikuja na matope miguuni. Padri alimuuliza mbele yetu.

"Maji ulimwaga wapi?"

"Utosini."

"Yalitiririka?"

"Mpaka shingoni. Mama yake alinung'unika."

"Ulisema nini?"

Aliyasema maneno yote, hakuna lililopungua.

"Na ulikusudia kufanya nini?"

"Lile mnalofanya ninyi."

Padri akachukua kalamu. "Imetosha. Mtoto amebatizwa. Wakati wa hatari kila mtu anaweza, hata asiye Mkristo." Mwalimu wa dini hakupendezwa.

Mbatizaji hakuondoka. "Na mimi?"

"Wewe unajua linalokuzuia," padri akasema, si kwa ukali.

"Najua."

Tulirudi pamoja. Njia nzima aliokota kuni, kwa sababu hakuwa na desturi ya kutembea mikono mitupu, na tulipofika korongoni alikuwa na mzigo unaozidi wangu na mtoto.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawapendi kulisema. Si watoto wote aliowabatiza walikuwa wa Wakristo. Akisikia mtoto wa yeyote yuko kufani, alikwenda. Kama wazazi hawakuwa wa dini yetu, alijifanya anampoza homa. Alichovya kitambaa, akamkamulia mtoto maji kichwani, akisogeza midomo. Wazazi walimshukuru kwa kumpoza. Mimi nilijua, na wengine walijua, tukanyamaza. Nilipomuuliza alisema, "Nikiwaambia watakataa, na mtoto hana muda wa kungoja tukigombana."

Ukaja mwaka wa nzige. Walitua siku tatu, wakaacha mabua. Njaa ilifuata, na baada ya njaa kuhara, na watoto walizikwa kila juma. Mbatizaji alikuwa njiani siku zote. Na kwa kuwa alikwenda kwa waliokuwa wakifa tu, karibu wote aliowamwagia maji walikufa. Watu wenye huzuni huhesabu kwa namna yao. Mama mmoja aliyekuwa amezika mvulana wake aliambiwa na mtu maji yale yalikuwa ya nini, naye akaja na ndugu zake wanne mpaka uani kwa mzee mrina asali. Mzee alikuwa porini. Sisi wa kaya za jirani tulitoka kutazama. Hakuna aliyevuka korongo, na mimi sikuvuka.

"Toka!" yule mama alipiga kelele. "Toka na maji yako! Ulimgusa mwanangu asubuhi, jioni nikamzika. Na wa dada yangu vivyo hivyo. Wewe ni mchawi!"

Mlangoni alitoka Bi Mkubwa, si yeye. Macho yalikuwa yameshafunga kabisa wakati ule, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja na mchi katika mkono wa pili. Alisimama uani akielekea mahali pasipo na mtu.

"Ninyi ni wangapi?" akauliza.

Aliuinua mchi kidogo.

"Mimi nilizika watoto wawili katika nyumba hii," akasema. "Nilizika kabla huyu hajaolewa hapa, kabla sijasikia habari za padri wala maji yake. Sasa niambieni. Wale wangu nani aliwamwagia?"

Yule mama akaanza kulia. Ndugu zake walisimama muda kidogo, wakitazama mchi, kisha wakamshika mabegani wakaondoka naye. Ndipo Mbatizaji alipotoka. Sikumwona akilia. Aliuchukua mchi mkononi mwa mwenzake, akamwongoza ndani.

Asubuhi iliyofuata alikwenda peke yake kwa yule mama. Alinieleza baadaye kwa maneno machache. Alikiri kwamba alimbatiza mtoto kwa siri. Yule mama alimpiga kofi. "Lilikuwa haki yake," aliniambia. Tangu siku ile, kwa asiye Mkristo, aliomba ruhusa kwanza. Wengi walikataa, naye alikaa nao tu, akamshika mtoto mguu mpaka mwisho.

Mumewe aliugua miaka michache baadaye. Alianguka mtini akiutua mzinga, akavunjika ndani, akalala siku nne. Siku ya nne nilikwenda kuwaona, nikamkuta Mbatizaji amekaa kitandani kwa mzee na kata ya maji imejaa. Sote tuliomwona tulidhani tunajua litakalofuata. Padri mwenyewe asingemlaumu.

Alinisimulia tulipokuwa tunarudi kutoka mazikoni. "Nilimuuliza, 'Mzee, unataka maji?' Akasema, 'Nataka.' Nikamuuliza, 'Ya kichwani au ya kunywa?' Akasema, 'Ya kunywa.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikampa ya kunywa."

Tulikwenda hatua kadhaa. "Alikunywa yote," akasema.

Kwa kifo kile kizuizi kilikuwa kimeondoka. Alikuwa mjane, angeweza kubatizwa. Lakini mafundisho ya mwisho yalitaka akae misioni miezi, alime shamba la misioni asubuhi na kusikiliza mchana, na Bi Mkubwa hakuona hata njia ya jaani. Ndugu hawakuwapo. Siku moja alivuka korongo akiwa amejifunga kanga yake nzuri, nikajua amekuja kwa shauri. Alisimama. Hakukaa hata nilipomletea kigoda.

"Mama Monika, nataka kuomba kitu. Unichukulie Bi Mkubwa mpaka Pasaka."

Katika miaka yote ile hakuwa ameniomba kitu. Wakati ule mume wangu alikuwa ameondoka kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Nyarugusu, kama wanaume wengi wa rika lake, na nilikuwa na watoto watatu na shamba peke yangu. Nikasema, "Ngoja mume wangu arudi, nitamuuliza."

"Sawa," akasema, akarudi kwake.

Mume wangu alirudi mwezi uliofuata, akakaa majuma mawili, akaondoka. Sikumuuliza. Nilijua angekubali. Sikutaka kulisha kinywa kimoja zaidi, wala kumwongoza mtu asiyeona kwenda kujisaidia, wala kusikiliza mazungumzo ya kizee kuanzia asubuhi. Pasaka ilipita. Kwa upande wa pili wa korongo niliwaona wakilima: Mbatizaji alichimba tuta, na Bi Mkubwa alimfuata kwa magoti, akipapasa udongo, akizika mbegu. Hakuniomba mara ya pili. Alinisalimia kama kawaida, akanikosoa kama kawaida.

Mwaka mmoja ulikuwa umepita padri aliponisimamisha nje ya kanisa. "Yule jirani yako, mbona haji kwa mafundisho? Sasa yuko huru."

"Ana kazi nyingi, Baba," nikasema.

Lilitoka mdomoni kirahisi. Nilitembea nalo nusu siku nzima mpaka nyumbani, na nilipofika sikuingia kwangu. Nilivuka korongo na mtoto mgongoni, nikawakuta wanapura uwele.

"Nimekuja kumchukua Bi Mkubwa," nikasema.

Mbatizaji hakuuliza kama mume wangu amekubali. Alimfungia mwenzake nguo zake katika mkeka, akanieleza kwamba hapendi ugali wa moto, na kwamba akikohoa usiku apewe asali. Kesho yake alfajiri aliondoka.

Bi Mkubwa alikaa kwangu zaidi ya miezi minne. Hakuwa mzigo niliouogopa. Alibangua karanga zangu zote, alibembeleza mtoto, alisaga kwenye jiwe vizuri kuliko mimi. Siku moja, tukiwa tunasaga, nilimuuliza kama hakuwa na wivu mzee alipooa mke wa pili.

"Mzee hakuoa," akasema. "Nilioa mimi."

Nikaacha kusaga.

"Watoto wangu walipokufa na wengine wasije, mimi ndiye niliyezunguka kutafuta msichana. Nilimwona kisimani ana mikono mikubwa, nikasema huyu ataweza. Nilikwenda kwao mwenyewe, nikachukua majembe ya mahari kichwani. Nilimtaka anizalie." Alikusanya unga kwa kiganja. "Hakuzaa. Watu wakasema mrudisheni, mkadai majembe yenu. Nikasema nimeshamzoea."

Hayo Mbatizaji hakuwahi kuniambia, wala sikumwambia kwamba nayajua.

Alirudi juma baada ya Pasaka. Ndiyo mara ya mwisho ninayomkumbuka vizuri, kwa kuwa mwaka ule ule mume wangu alituita tuhamie Geita, na habari zao nilizipata kwa kusikia tu. Alikuja mchana, amevaa gauni jeupe la misioni lililombana mabegani, rozari shingoni, na tita la kuni kichwani. Alitua kuni mlangoni kwangu. Nilimpa maji. Alipokuwa anakunywa nikaamua kulisema kabla moyo haujarudi nyuma.

"Sikumuuliza mume wangu. Mwaka ule wote. Sikumuuliza kabisa."

"Nilijua," akasema.

"Na hukuniambia neno?"

"Nilikuwa nakuombea." Akafuta mdomo. "Lakini hayakuwa maombi mazuri."

Bi Mkubwa alikuwa amesikia sauti yake, akatoka ndani akishika mwimo wa mlango. Walisalimiana kwa muda mrefu, mambo ya uwele, ya kuku, ya jino lililokuwa likimuuma mmoja wao. Kisha Bi Mkubwa alipapasa kitambaa cha lile gauni, akapanda mpaka begani, akakuta rozari, akaziviringisha punje zake katikati ya vidole.

"Wamekuita nani?"

Mbatizaji akamwambia. Lilikuwa jina refu, la kigeni, lenye herufi ambazo kinywa cha kwetu hakizifikii. Bi Mkubwa alilijaribu mara moja, likamshinda katikati. Akalijaribu tena, akaanza kucheka.

"Hilo utaitwa Jumapili," akasema. "Twende nyumbani, mdogo wangu."

Mbatizaji akajitwika kuni, akampa mkono, wakateremka korongoni, mmoja akimwambia mwenzake mahali pa kuweka mguu.